Ua la Kofia ya Mzee Shehe

Ukiingia Ngamiani, mjini Tanga, kwa Barabara ya Kumi na Nne, ukalipita duka lililokuwa la mafuta ya taa na siku hizi linauza vocha na barafu, utakuta ubao mrefu umelazwa juu ya matofali ya saruji. Usiulize ubao ule ni wa nani. Utapewa majibu mengi na kila moja lina kiapo chake. Hapo ndipo Sele anapotua jiko lake la makaa na dele la kahawa kila alasiri, akapanga vikombe vidogo na sahani ya kashata. Hapo ndipo anapokaa Hatibu, wanayemwita Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku, ila alitunza stoo ya shule miaka mingi na anaamini elimu ilimwingia kwa kukaa karibu na madaftari. Yupo Luka, Mbondei, jina lake la kijiweni Muheza, anayeleta machungwa kwa baiskeli ili ayauze, akaishia kuyala mwenyewe huku akibisha. Na yupo Mzee Shehe, Mdigo, wanayemwita Winchi kwa sababu aliendesha winchi bandarini mpaka akastaafu, mtu mpole, mzito wa kusema. Shehe ana kofia ya kushonwa kwa mkono, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa, imezungushiwa nakshi za uzi wa hudhurungi, na kwa nyuma, pale kisogoni, pana ua moja kubwa lisilofanana na nakshi nyingine. Kijiweni hakuna aliyewahi kumwona bila kofia hiyo. Wapo wanaosema alizaliwa nayo.

Alasiri hiyo Hasina alikuja amekumbatia kitambaa cheupe kilichokunjwa. Hasina ni mjukuu wa Shehe, mtoto wa binti yake mkubwa, na anasoma chuo kimoja huko Dar es Salaam, anasomea ubunifu wa vitambaa. Kijiwe hakijawahi kukubaliana kama hicho ni kisomo au ni starehe.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, — wakaitika, na Profesa akaongeza: — Karibu, binti wa maua. Huko chuoni mnafundishwa na kumwagilia?

— Hatumwagilii, babu. Tunayachapa.

— Masikini! Yamekosa nini?

Luka alicheka mpaka mbegu ya chungwa ikamtoka mdomoni. Shehe hakucheka. Alimtazama mjukuu wake akaona macho yamevimba kidogo, akajua huyu mtoto ametoka kulia. Moyo ukamuuma, lakini mwanamume wa kijiweni haoneshi moyo kabla ya kikombe cha pili.

— Winchi, mkeo mdogo kaja, — Sele akasema. — Msogezee akae.

— Mke wangu hakai na wahuni, — Shehe akajibu. — Sema, mama. Una nini?

Hasina hakukaa kweli. Alikifungua kitambaa akakitandaza juu ya ubao, vikombe vikainuliwa haraka haraka, na wazee wakainama kukitazama. Kilikuwa na ukubwa wa leso, kimechorwa kwa kalamu na kupakwa rangi. Pindo zote zimejaa. Katikati peupe kabisa.

— Hii ni kazi yangu ya kumalizia mwaka, — alisema. — Ya kwanza mwalimu aliirudisha. Kasema nimeokota maua kwenye simu, la Wahindi, la Waarabu, la huko Afrika Magharibi, nimeyabandika pamoja na sijui hata moja limetoka kwa nani. Safari hii kila nakshi lazima nimtaje mtu aliyenionyesha, mtu mwenye jina, anieleze imekujaje. Jumatatu naipeleka. Ikirudishwa tena, narudia mwaka mzima.

— Kurudia mwaka kwa ajili ya maua! — Luka akashangaa. — Sisi tulirudia kwa ajili ya hesabu.

— Na hesabu mpaka leo hujaijua, — Sele akamwambia. — Kila siku unakunywa vinne unasema viwili.

— Pindo hili ni ukili, — Hasina akaendelea, akipitisha kidole. — Msuko wa mikeka. Nimeonyeshwa na shangazi, Pangani. Hii mistari ya kupanda na kushuka ni ya vikapu vya Usambara, kanifundisha mama yake Devota, rafiki yangu wa chuo. Hizi ni nakshi za mlango wa nyumba ya zamani, mwenye nyumba kanieleza mlango ulichongwa na nani.

— Na katikati? — Shehe akauliza.

Hasina akashusha pumzi.

— Katikati nataka ua la kofia yako, babu.

Ubao mzima ukageuka kumtazama Shehe, kisha ukaitazama kofia, kisha ukamtazama tena Shehe.

— Si unaliona? — Shehe akasema. — Lichore.

— Naliona kwa mbali. Matundu yake madogo mno, lazima niliweke mbele yangu niyafuate moja moja. Nilimwendea bibi anieleze alivyolishona. Kakataa. Kasema, kofia ni ya babu yako, miye sina maneno nayo. Akiivua mwenyewe kwa hiari yake, nipigie simu, ndiyo nitakueleza.

— Mwanamkasi kasema hivyo?

— Kasema hivyo, tena akacheka.

Shehe akakuna ndevu. Mwanamkasi ni mkewe tangu ujana wao, na kofia ile aliishona yeye mwenyewe wakati wa uchumba, ikaja kwenye sinia siku ya harusi pamoja na shuka na manukato. Hilo kijiwe kizima kinalijua. Kwa nini akatae kulieleza ua alilolishona kwa mikono yake, Shehe hakuelewa.

— Basi ukienda nyumbani jioni nitakuvulia, — alisema.

— Jioni tunaondoka, babu. Devota yuko stendi anakata tiketi, atanipitia hapa.

— Kofia haivuliwi barabarani, mama. Miye mtu mzima.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Kichwa chake kilianza kupoteza nywele zamani sana, na kwa miaka yote hiyo kijiwe kilikuwa hakijui kina hazina gani ya kumcheka. Aliwajua wenzake. Wangemcheka mpaka Ramadhani, wakapumzika mchana wa mfungo, wakaendelea baada ya kufuturu.

— Mwelewe babu yako, — Profesa akamwambia Hasina, akijiweka vizuri kwa namna inayowafanya watu waagize kahawa nyingine. — Kofia ile si ya kuvuliwa hovyo. Ua lile nalijua kuliko mwenyewe. Miye nasali safu ya nyuma yake, kila tukirukuu linanikodolea. Lile ni ua la Shirazi.

— La wapi? — Luka akauliza.

— Shirazi, Uajemi. Hukusoma? Umeona lina majani manane, saba marefu na moja fupi? Lile fupi ni mwana wa mfalme aliyefukuzwa na nduguze. Akapanda jahazi akaja huku, na kila alipofika akawafundisha watu kulishona, ili siku baba yake akituma watu kumtafuta, wamjue.

— Baba yake akatuma?

— Hakutuma.

— Basi kazi bure.

— Lile ua ni la Kibondei, — Luka akasema, akifuta mikono kwenye suruali. — Mimi nisingetaka kusema mbele ya mtoto, lakini bibi yangu alikuwa na mtungi una ua hilo hilo. Mtungi ukapotea. Nani alipita kijijini wiki ile? Mdigo, anauza chumvi.

— Sasa Wadigo tumeiba ua kwenye mtungi? — Shehe akauliza.

— Mliiba mtungi. Ua lilikuwa humo humo.

— Na hilo jani fupi?

— Mtungi ulikuwa na ufa.

Hasina alianza kwa kucheka nao. Alitoa hata kalamu, akidhani katikati ya maneno mengi litadondoka moja la kumfaa. Lakini maneno ya kijiweni yakishaanza hayana breki, na Sele, ambaye kazi yake ni kuuza kahawa na furaha yake ni kuwapiku wateja wake, akaweka dele chini.

— Nyie wote mnapotea. Ua lile limetoka Mapango ya Amboni.

— Haya tena, — Luka akasema.

— Hakuna haya tena. Zamani aliingia fundi wa kushona humo mapangoni, kamfuata mbuzi wake. Wakamtafuta, hapana. Akaja kutokea Mombasa, hana mbuzi, ana kofia kichwani. Akiulizwa nani kakushonea, anasema nilikuta watu humo ndani wanashona gizani, hawana taa, wala hawakosei tundu. Wakanipa moja.

— Na mbuzi?

— Mbuzi walimfanya bei ya kofia.

— Majini wanakula mbuzi?

— Sikusema majini. Weye ndiye umesema.

— Mimi nawaambia kitu kimoja, — Luka akasema, amesahau kabisa mtungi wa bibi yake. — Mnaliita ua, ua, ua. Nani kawaambia ni ua? Hebu litazameni vizuri. Yale si majani, ni mabawa. Na vile vidoa katikati ni macho. Lile ni nyuki!

Profesa akashtuka, maana aliona nadharia ya Uajemi inazama.

— Nyuki wa wapi?

— Wa hapa hapa Tanga! Vita ya Wajerumani na Waingereza. Waingereza wakashuka na jeshi lao lote, nani aliwafukuza? Si nyuki? Walikimbia mpaka baharini na viatu vyao. Watu wa Tanga wakasema, huyu mdudu tumvae kichwani. Ndiyo hiyo kofia.

— Nyuki gani mwenye mabawa manane?

— Wa vita!

— Basi na lile bawa fupi lilipigwa risasi, — Shehe akasema kwa upole, na kijiwe kikaangua kicheko mpaka muuza vocha akatoka dukani kuangalia nani kaanguka.

Shehe mwenyewe alicheka. Kisha akageuka akamwona Hasina. Mtoto hacheki tena. Alikuwa ameanza kukunja kitambaa kuanzia pembeni, taratibu, anakilaza vizuri kila mkunjo, na midomo ameibana kama alivyokuwa akiibana utotoni akikatazwa kulia. Hakumlaumu mtu. Hakuomba tena. Hilo ndilo lililomshinda Shehe. Angeomba mara ya pili angemkatalia, angenuna angemkatalia, lakini kukunja vile kimya kimya kulimwingia ndani. Aliona aibu kwamba mtoto wa binti yake atarudia mwaka kwa sababu babu yake anaogopa kuchekwa kipara na muuza machungwa.

Akaivua.

Jua la alasiri likatua juu ya kichwa cha Mzee Shehe na likatulia hapo.

— Sele, — Luka akanong'ona mwishowe, — punguza makaa. Kumekuwa na mwanga mwingi.

— Kumbe ndiyo maana tunapewa umeme wa mgawo, — Profesa akasema. — Mwenzetu ana wake.

— Malizeni yote leo, — Shehe akawaambia. — Kesho sitaki.

— Kesho? — Sele akasema. — Winchi, hii tumepewa ya mwaka.

Lakini Hasina alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya ubao, kitambaa kimetandazwa upya, kofia ya babu yake imewekwa pale katikati palipokuwa peupe. Aliipiga picha, akaigeuza, akaanza kuyafuata matundu kwa ncha ya kalamu. Alikuwa akitabasamu peke yake. Shehe alijipapasa kichwa, akasikia upepo mahali ambapo hajawahi kuusikia nje ya nyumba yake, akaona si vibaya sana.

Hapo ndipo alipofika Devota. Msichana mrefu, Msambaa wa Lushoto, tiketi mbili mkononi na begi mgongoni. Akaamkia wazee wote kwa goti, akapewa kikombe cha kahawa bila kuulizwa, akainama kutazama kazi ya mwenzake.

— Jamani, zuri! — alisema. — Hasina, ndiyo lenyewe? Litakaa vipi kwenye kitambaa?

— Ndiyo nalitafutia mkao.

Devota akaizungusha kofia kwa vidole viwili, akaizungusha tena. Kisha akamgeukia Shehe kwa adabu.

— Samahani, babu. Mbele ya kofia ni wapi?

Profesa akavuta kikombe chake. Luka akaitazama kofia, akamtazama Shehe, akachukua chungwa. Sele akajifanya kupuliza moto.

— Mbele, — Shehe akasema, — ni huku kusiko na ua. Ua linakaa nyuma.

— Nani alisema likae nyuma, babu?

Swali halikuwa na ubaya wowote. Devota aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua kitambaa kinaanzia wapi. Shehe akatafuta jibu. Alirudi nyuma, akapita miaka ya kustaafu, akapita winchi na meli, akafika asubuhi ya harusi, yeye na wajomba zake chumbani, sinia mezani, kofia ndani ya sinia, mjomba mmoja anasema haraka, kadhi anangoja. Akaichukua akaivaa. Ndivyo ilivyokaa. Ndivyo ilivyokaa mpaka leo.

— Hakusema mtu, — akakiri.

— Huko Uajemi, — Profesa akaanza, — mbele huwa ni nyuma, kwa sababu...

— Hatibu, kunywa kahawa, — Shehe akamwambia.

Hasina alikuwa amekwisha kuichukua simu. Mikono yote miwili ilihitajika kukishikilia kitambaa kisipeperuke, kwa hiyo akailaza simu juu ya ubao na kuweka sauti ya nje. Ikaita. Kijiwe kizima kikasogea.

— Haloo, bibi.

— Haya, mke mwenzangu, — sauti ya Mwanamkasi ikatoka kwenye simu, changamfu, nyuma yake kuku analia. — Umempata mume?

— Nimempata, bibi. Kaivua. Kofia ninayo hapa.

— Kaivua mwenyewe? Mchana huu? — Akacheka kicheko kirefu. — Leo mvua itanyesha Tanga. Haya, sema.

— Bibi, mbele ni wapi?

Kwenye simu mlango ukasikika ukifungwa. Kuku akabaki nje.

— Babu yako yuko wapi? — Mwanamkasi akauliza, sauti imeshuka.

Hasina akainua macho. Shehe alikuwa ameweka kidole mdomoni.

— Babu anakunywa kahawa, bibi, — akasema, na haikuwa uongo.

— Basi sikiliza. Mbele ni penye ua.

Luka akashika mdomo wake kwa mikono yote miwili.

— Lakini bibi, babu...

— Najua babu yako. Kaivaa nyuma mbele tangu siku ya harusi. Aliingia chumbani na watu wake, miye nimekaa kitandani nimefunikwa ukaya, natazama kwa chini. Naona kofia nimeishona miezi na miezi, macho yaliniuma, na ua liko kisogoni! Nilitaka kusema. Somo yangu, aliyenifunda, kanifinya paja. Kanifundisha, fungate nzima usimkosoe mume kwa neno. Nikanyamaza fungate nzima. Ilipoisha nikasema leo namwambia. Akaja mbio kapata kazi bandarini, furaha imemjaa, nikaona nisimharibie siku. Nikasema atagundua. Mwaka ukapita. Sasa ukishanyamaza mwaka, mwanangu, utaanza vipi? Atasema, watu wote wamenicheka barabarani na weye unanitazama tu!

— Na unavyoifua kila wiki?

— Kila Alhamisi naifua, naitia wanga, naiwamba kwenye faroma ikauke na umbo lake, naiweka mezani ua limeelekea mlangoni. Ijumaa anakuja, anaigeuza, anavaa. Siku nyingine nacheka jikoni peke yangu.

Shehe alikuwa amekaa wima. Hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Devota alitaka kuifunga sauti ya nje, akanyoosha mkono. Shehe akaushika mkono wake kwa upole na kuurudisha.

— Na ua lenyewe, bibi, ulilitoa wapi? — Hasina akauliza. — Nisimulie, ndiyo nitakayoiandika.

— Pengi. Yale majani kanionyesha Bibiana, mama mmoja Mkristo, mumewe alikuwa shamba la mkonge. Alikuwa akifuma vitambaa vya meza, nikaenda kukaa naye mpaka nikajua. Vidoa vya katikati niliviona mkononi kwa Hafsa, binti wa Kihindi wa mtaa wa Usagara, siku alipopakwa hina ya harusi. Nikamwomba, akanikalia mkono wazi mchana kutwa nikinakili. Kuzungushia uzi ni kwa mama yangu. Sikuokota, nilikwenda kwa wenyewe. Kuviweka pamoja ndiyo kazi yangu miye.

— Na lile jani fupi?

Profesa akainama mbele mpaka kofia yake ikakaribia kuanguka kwenye kahawa.

— Uzi uliisha, — Mwanamkasi akasema.

Luka akageuka ukutani, mabega yakimtikisika. Sele akafumba macho kama anaumwa. Mwana wa mfalme, mtungi, mbuzi wa Amboni na nyuki wa vita vyote vikafia pale pale juu ya ubao, na hakuna aliyeweza hata kucheka kwa sauti.

— Bibi, kwa nini ulilitaka mbele?

Sauti ya Mwanamkasi ikalainika.

— Nililiweka mbele ili akija nyumbani niwe naliona. Msichana unapochumbiwa unawaza mambo hayo. Nitakaa mlangoni, nitaliona linakuja. Sikulipata hilo. Miye nimeliona akiondoka. Akienda kazini naliona, akienda msikitini naliona, akija huko kijiweni kwenu naliona mpaka anakata kona. Nimelizoea hivyo hivyo. Haya, andika ni ua la Mwanamkasi, inatosha. Na usimwambie babu yako, mke mwenzangu. Mtu mzima ataona haya bure.

— Sawa, bibi.

Simu ikakatika. Makaa yalipasuka kwenye jiko la Sele, kahawa ikafurika mdomoni mwa dele, na mwenyewe hakuigusa.

Shehe alikuwa akitazama mikono yake. Kilichompata kilikuwa aibu, ni kweli, lakini aibu ile ilikuja na kitu kingine kikubwa zaidi, na hakikuwa na nafasi ya kutosha kifuani. Alimpenda Mwanamkasi miaka yote, hilo alilijua. Hakujua kwamba kila alipotoka mlangoni palikuwa na mtu aliyebaki akimtazama mpaka kwenye kona. Hakuwahi kugeuka nyuma hata mara moja. Akafuta macho kwa kiganja, wazi wazi, mbele ya wote.

— Nani kasikia? — akauliza.

Kijiwe kile, ninyi hamkijui. Ni kijiwe kinachojua mchumba wako kakupa nini kabla hujakifungua. Ni kijiwe ambacho habari ikiingia saa kumi, kabla ya magharibi iko Chumbageni na imeongezwa mkia.

— Kusikia nini? — Profesa akauliza. — Miye sikio hili limeziba tangu juzi.

— Mimi nilikuwa nahesabu machungwa, — Luka akasema, na hapakuwa na chungwa lililobaki.

— Moto wa makaa una kelele sana, — Sele akasema.

— Mimi wa kuja, — Devota akasema taratibu. — Sijui hata mlikuwa mnaongea nini.

Shehe akatikisa kichwa. Akamgeukia mjukuu wake.

— Umemaliza?

— Nimemaliza, babu. Limeenea. — Kweli, katikati ya kitambaa ua lilikuwa limekaa, majani manane, moja fupi, na chini yake Hasina alikuwa ameandika majina ya wanawake wanne, la bibi yake likiwa la kwanza. — Jumatatu hawana pa kunirudisha.

— Basi nipe kofia yangu.

Akaipokea. Akaishika kwa mikono miwili, akaizungusha polepole, akaivaa. Ua likakaa juu ya paji la uso wake. Ilikuwa ngeni kidogo, inambana mahali pengine, na wazee wakamtazama kama wanamwona mtu mgeni mwenye sura ya Shehe.

— Winchi, — Sele akamwambia kwa sauti ya chini, — ukienda nayo hivyo atajua umesikia.

— Najua.

— Na mtoto kaahidi hasemi.

— Kwani mtoto kasema?

Akainuka, akaacha kikombe chake nusu, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Akawaaga wasichana, akamwekea Hasina mkono kichwani, akaondoka kwa mwendo wake wa pole. Alipofika kwenye kona ya nyumbani kwake alitaka kuharakisha, akajizuia. Alitaka ua lionekane linavyokuja.

Mwanamkasi alikuwa barazani anachagua mchele, ungo mapajani. Alisikia viatu, akainua uso, na mikono ikasimama ndani ya mchele. Akamngoja mumewe mpaka akafika karibu kabisa. Macho yake hayakutoka kwenye paji la uso wa yule mzee.

— Mbona mapema? — akauliza. — Kahawa imeisha?

— Haijaisha, — Shehe akasema. — Nimekuja ulione.